Kabla ya Kumkabidhi Mtoto: Safari ya Nyumba za Upataji Nafuu za Mwambao

Katika miji yetu ya mwambao, tangu Lamu mpaka Unguja na Dar es Salaam, imezuka nyumba ya namna ambayo wazee wetu hawakuijua. Wao walijua chuo cha watoto, nyumba ya wageni na nyumba ya wagonjwa; ama nyumba ya kuwakalisha vijana walionaswa na unga, wakae humo miezi kadhaa mpaka miili na akili zao zirejee, hiyo ni nyumba ya zama zetu. Serikali huziita nyumba za upataji nafuu. Watu wa mitaani huziita soba. Malindi ya Kenya, Mradi wa Omari ulianza kazi hii mwaka 1995. Na Unguja nyumba hizi zilianza kufunguliwa mwaka 2009, na nyingi zikaendeshwa na watu waliokuwa wao wenyewe wamezama katika unga, kisha wakaokoka.

Sababu ya kuzuka kwake haifichiki. Bahari iliyotuletea majahazi ya tende na mazulia kwa msimu wa kaskazi imefanywa pia kuwa njia ya sumu. Kwa miaka mingi heroini ya Afghanistan imekuwa ikipakiwa majahazini katika pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, ikaletwa kusini mpaka maji yetu. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilisimamisha jahazi moja mbele ya pwani ya Kenya, na katikati ya mifuko ya saruji ikakutwa heroini kilo 1,032. Sehemu kubwa ya shehena hizi husafirishwa mbele kwenda nchi za mbali. Lakini kila njia ya bidhaa huacha mabaki yake njiani, na mabaki hayo ndiyo kete ziuzwazo katika mitaa yetu, na wanunuzi wake ni watoto wetu.

Tumezizuru nyumba kadhaa za namna hii, za Unguja na za mwambao wa Kenya. Baadhi yake tumeziona zimetulia na zastahiki kuombewa kheri. Na baadhi tumetoka humo na nyoyo nzito. Hatutataja jina la hata moja, kwa sifa wala kwa lawama, kwa kuwa nyumba hubadilika kwa kubadilika msimamizi wake, na sifa ya mwaka jana haimlindi aingiaye leo. Tulitakalo ni kumpa mzazi mizani aende nayo mwenyewe. Kwani mzazi afikapo katika mlango wa nyumba hii huwa amekwisha choka: ameibiwa sufuria na redio, ameuza dhahabu ya mkewe kulipa madeni ya mwanawe, na amekesha siku nyingi akingoja hodi ya mtu wa kuleta khabari mbaya. Mtu wa hali hiyo hana nguvu ya kukagua. Hukabidhi, hulipa, hushukuru, kisha hurudi kwake kulala. Na usingizi huo ndio tuuogopao.

Wala mtu asidhani kuwa kuikagua nyumba ya wagonjwa ni ufidhuli au ni ada ya wageni. Ibn Jubayr, msafiri mashuhuri wa Andalusia, alipofika Damascus mwaka 1184 aliitazama maristani aliyoijenga Sultan Nur al-Din katika mwaka 1154, akaandika aliyoyaona. Alieleza kwamba matumizi ya nyumba ile kwa siku yalikuwa kiasi cha dinari 15. Kwamba walikuwapo wasimamizi wenye madaftari ya majina ya wagonjwa na ya gharama za dawa na vyakula vyao. Na kwamba matabibu walikuja kila siku asubuhi na mapema, wakawatazama wagonjwa na kuamuru watengenezewe dawa na chakula kimfaacho kila mmoja. Hakuficha pia kwamba wenye wazimu aliwaona wamefungwa minyororo, naye akamwomba Mungu amwepushie balaa hiyo. Huyu alikuwa mpita njia asiyekuwa na jamaa mle ndani, na hata hivyo aliuliza khabari za fedha, daftari, tabibu, chakula na kifungo. Je, mzazi aliyemwacha mwanawe mle ataulizaje pungufu ya hayo?

Mlangoni

La kwanza la kutazamwa ni mlango wenyewe, na suala lake ni hili: aliyemo ndani aliingia vipi, naye akitaka kutoka itakuwaje? Tumesikia katika miji zaidi ya mmoja khabari za vijana waliofuatwa usiku na watu wenye nguvu, wakafungwa mikono na kupakiwa garini, na malipo ya kazi hiyo yametoka mfukoni mwa baba. Wazazi huifanya kwa mapenzi, hatuna shaka. Lakini tiba ianzayo kwa utekaji huanza kwa deni. Mwezi wa Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko moja kuzitaka nchi zifunge vituo vyote vya kuwazuia watu kwa nguvu kwa jina la kuwatibu ulevi, kwa kuwa hapana ushahidi kwamba vyaponya, na ushahidi wa madhara yake ni mwingi.

Nyumba nyingi zina kanuni ya kutoruhusu jamaa kuja kumwona mgonjwa katika majuma ya mwanzo, nazo zatoa sababu kwamba kijana akiona mama yake hulia na kutaka kurudi. Sababu hiyo yaweza kuwa na haki ndani yake, ikiwa muda umeandikwa, ni mfupi, na mzazi aambiwa kila siku hali ya mwanawe. Bali nyumba isemayo, "Usije mpaka tukwite," na siku ya kuitwa haina tarehe, hiyo ni ya kuogopwa. Na hata muda huo ukiisha, mzazi asiridhike kuketi barazani na mwanawe hali msimamizi amesimama kando. Aombe kukaa naye peke yao; na aombe kurudi siku nyengine bila ya kutoa khabari. Jawabu la maombi haya mawili litamfunza mengi kuliko maelezo ya saa nzima ya mwenye nyumba.

Minyororo

Tulilokuta katika nyumba moja ni pete ya chuma iliyotiwa saruji katika ukuta wa chumba cha nyuma. Tulipouliza kazi yake, tuliambiwa ni ya "wale wakorofi," na kwamba haitumiki sana. Tunaona ni wajibu kuwakumbusha wasomaji wetu yaliyotokea kwengineko.

Kijiji cha Erwadi, kusini mwa Uhindi, watu hupeleka wagonjwa wao wa akili karibu na kaburi la walii, kwa kutaraji baraka. Tarehe 6 Agosti 2001 moto uliwaka katika nyumba moja ya kuwaweka wagonjwa hao, wakafa watu 28, kwa kuwa walikuwa wamefungwa minyororo na hawakuweza kukimbia. Na mwezi wa Septemba 2019, mtaa wa Rigasa katika mji wa Kaduna, Nigeria, polisi waliingia katika nyumba iliyojiita chuo cha Kurani na mahali pa kurekebisha tabia, wakawakuta wanaume na watoto zaidi ya 300, wengi wao wamefungwa pingu za miguu, na wengine wana makovu ya mijeledi. Wengi walipelekwa pale na wazee wao wenyewe, na wazee hao walikuwa wakilipa.

Tunayataja haya katika gazeti la Waislamu kwa makusudi. Jina la dini likiandikwa juu ya mlango hutufanya tuone haya kuuliza, na mwenye nia mbaya huijua haya yetu na huitumia. Sala na dhikri ni faraja kubwa kwa mgonjwa, nasi tumewaona vijana wakipata utulivu kwazo baada ya miaka ya kuzurura. Lakini hakuna ibada iliyoamuru mtu afungwe ukutani, na mgonjwa aliyepewa rukhsa ya kutofunga Ramadhani na dini yenyewe hana msimamizi awezaye kumnyang'anya rukhsa hiyo.

Sanduku la dawa

Baada ya mlango, mzazi aulize khabari ya tabibu. Maumivu yampatayo mwenye kuacha unga, ambayo wenyewe huyaita arosto, huanza baina ya saa 8 na saa 24 baada ya kete ya mwisho, nayo hudumu siku 4 mpaka 10: mifupa kuuma, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi. Aghlabu hayaui, lakini mtu mdhaifu atapikaye na kuharisha bila ya kupewa maji na chumvi aweza kufa mikononi mwa watu wanaosema, "Mwacheni ajifunze." Ama aliyezoea pombe nyingi au vidonge vya usingizi, huyo akikatishwa ghafla aweza kushikwa na kifafa na kupotewa na akili, na khatari ya mauti ni ya kweli. Kwa hiyo nyumba impokeayo mtu bila ya kumpitisha kwa daktari au afisa tabibu, na bila ya kumwuliza ametumia nini na kwa muda gani, imeanza kazi kwa kubahatisha.

Tena kuna dawa ambazo mtu huingia nazo. Wako wenye virusi vya Ukimwi, wako wenye kifua kikuu, na wote hao wakikatizwa dawa zao hudhurika. Na wako wanywao methadoni, ambayo ilianza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwezi wa Februari 2011, kisha Unguja katika hospitali ya Kidongo Chekundu mwaka 2015. Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, humwondolea mtu arosto na kiu ya unga, na imewarejesha wengi kwenye kazi na aila zao. Baadhi ya wasimamizi huichukia, wakisema ni kubadili ulevi kwa ulevi. Mtu ana uhuru wa kuwa na rai yake. Hana uhuru wa kumkatiza mgonjwa dawa aliyoandikiwa na tabibu. Mzazi aombe kuonyeshwa sanduku la dawa: ufunguo unakaa kwa nani, na daftari la nani amepewa nini na saa ngapi liko wapi. Pasipo daftari, hapana dawa. Pana vidonge tu.

Jikoni na malaloni

Tuingie sasa ndani zaidi. Katika nyumba moja ya Unguja tulipita jikoni saa ya mchana, tukakuta wali, maharagwe na mchicha, na mpishi akatuambia bila ya kuulizwa ni watu wangapi atakaowapakulia siku ile. Hesabu yake ililingana na daftari la msimamizi. Jambo hili laonekana dogo, lakini nyumba ambayo mpishi wake ajua idadi ya wagonjwa ni nyumba inayowahesabu. Pengine tulikuta uji mtupu, na tuliambiwa samaki huliwa siku za wageni.

Malaloni, mzazi asiangalie rangi ya ukuta. Ahesabu magodoro, kisha aulize idadi ya watu. Aone kama kila mmoja ana chandarua chake. Afungue dirisha kama lafunguka. Kifua kikuu huenea kwa hewa, na chumba kilichosongamana bila ya dirisha ni mahali pake hasa. Aone choo na mahali pa kuogea, na kama mlango wa choo una komeo la ndani. Na atazame pa kutokea: ikitokea moto usiku, watu hawa watapita wapi, na ufunguo anao nani?

Ikiwa anayepelekwa ni mwanamke, masharti huzidi. Nyumba za wanawake ni chache mno katika mwambao wetu, na jamaa kwa dhiki hushawishika kumweka binti katika nyumba ya wanaume, katika chumba cha pembeni. Tunasema wazi kwamba hilo halifai. Awe mahali pake mbali, chini ya wasimamizi wa kike, usiku na mchana. Na mtoto ambaye hajafika miaka 18 asilazwe pamoja na watu wazima.

Siku inavyopita

Nyumba nyingi zafuata mwendo wa hatua 12, ulioanzia Marekani kwa walevi wa pombe mwaka 1935, na watumiao dawa za kulevya wakaunda chama chao huko California mwaka 1953. Watu huketi duara, na kila mmoja husema hali yake bila ya kukatizwa. Tuliruhusiwa kuketi katika duara moja, na tuliyoyasikia humo ni amana, hatuyasemi. Tutasema hili tu, kwamba mwenye kuongoza alikuwa amepita njia ile ile, na vijana walimwamini kwa neno moja lake kuliko maneno kumi ya mwengine. Hiyo ndiyo nguvu ya nyumba hizi. Udhaifu wake ni kudhani kwamba kuokoka peke yake kwamfanya mtu tabibu. Kiongozi mwema ni yule aliyefunzwa kazi, na ajuaye mpaka wa elimu yake, akasema, "Hapa twahitaji daktari."

Mambo mawili yafaa kuulizwa juu ya siku yao. Moja ni kazi: kijana alimaye au ashonaye ajifunza ufundi wa kumfaa, au analima shamba la mwenye nyumba bila ya ujira, hali aila yake yalipa kila mwezi? La pili ni adhabu: aliyekosa hufanywa nini? Tumeambiwa na waliotoka katika nyumba mbalimbali kwamba walinyolewa kwa kudhalilishwa, wakamwagiwa maji ya baridi usiku, wakasimamishwa juani. Mtu hujenga nguvu za kukataa unga kwa kujiona kuwa ana thamani. Na aliyevunjwa heshima yake mle ndani hutoka akiwa mwepesi zaidi wa kuanguka.

Siku ya kutoka

Hapa tunamwomba msomaji atutegee sikio vizuri, kwani khatari kubwa kupita zote haiko ndani ya nyumba. Iko nje ya mlango, katika majuma ya mwanzo ya kutoka. Mwili uliokaa miezi bila ya unga hupoteza ile nguvu ya kuuhimili. Kijana akirejea mtaani, akakutana na wenzake wa zamani, akatumia kiasi kile kile alichokizoea, kiasi hicho chaweza kumwua usiku huo huo. Nyumba njema humwambia hayo wazi yeye na wazazi wake kabla ya kuondoka, na huwafunza dalili zake: pumzi kuwa nzito na chache, midomo kuwa samawati, mtu kutoamka akitikiswa. Hapo hukimbizwa hospitali, ambako iko dawa iitwayo naloksoni yenye kurudisha pumzi ikiwahiwa. Wazazi wengi huogopa kulisema jambo hili, wakiona kana kwamba ni kumfungulia mlango wa kurudi. Nasi twaona kunyamaza ndiko kumchimbia kaburi.

Aulizwe basi msimamizi: mwaka jana walitoka wangapi, na leo mwajua khabari za wangapi? Asemaye kwamba wote wamepona, na hakuna aliyerudia, huyo hawajui wagonjwa wake au hasemi kweli. Kwani uraibu ni maradhi ya kurudia, na wengi huanguka mara moja au zaidi kabla ya kusimama. Asemaye, "Hawa twaonana nao kila juma, hawa wamerudia na tumewapokea tena, na wawili wamekufa, Mungu awarehemu," huyo ameshika daftari la kweli. Mzazi amwamini huyu wa pili, ijapokuwa maneno yake ni machungu.

Mizani hii hatukuitunga kwa vichwa vyetu. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo cha kukagulia nyumba za wagonjwa wa akili na za malezi, nacho chatazama mambo matano: maisha ya staha, tiba iliyo bora, uhuru na ridhaa ya mgonjwa, usalama wake na mateso, na kuwezeshwa kwake kurudi kuishi na watu. Wakaguzi wake huwauliza wagonjwa na jamaa zao pamoja na wafanyakazi, husoma madaftari, na hutazama kwa macho yao. Na katika mwaka 2020 shirika hilo, pamoja na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya, walitoa viwango vya kimataifa vya tiba ya uraibu. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2012, imeipa NACADA kazi ya kutoa leseni na kuzisimamia nyumba hizi. Na Tanzania Bara ina mamlaka yake ya kupambana na dawa za kulevya kwa sheria ya mwaka 2015. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuomba kuona kibali cha nyumba kabla ya kutoa senti moja. Lakini kibali ni karatasi, na mkaguzi wa serikali huja mara chache kwa mwaka. Mama aweza kuja kila juma.

Ndugu wasomaji, mtoto aliyenaswa na unga ni amana, na amana haiishi kwa kukabidhiwa mwengine. Anayelipa ada ya mwezi amelipa chakula na malazi tu. Kumtazama mwanawe kumebaki juu yake. Aende siku isiyotarajiwa, apite jikoni, aulize daftari, aketi na mwanawe peke yao, amtazame mikono na miguu. Akiona mema, aseme hadharani, wenziwe wapate kujua pa kwenda, na awasaidie wale wanaoifanya kazi hii ngumu kwa moyo safi, kwani aghlabu wana upungufu wa kila kitu. Akiona dhulma, amtoe mwanawe siku ile ile na apeleke khabari kwa wanaohusika, asione haya ya jirani. Na huku nyumbani pawekwe tayari mahali pa kumpokea: kitanda, kazi ya mkono, na watu ambao hawatamwita teja tena. Mwenyezi Mungu awaponye vijana wetu, na atupe macho ya kuwatazama.